Mbao Imesimama, Senta Inazunguka: Kutafuta Kosa Kwenye Senta ya Meno

Kila mkerezaji, yaani anayechonga mbao ikizunguka kwenye mashine, anaijua sauti hii. Bobari, ile patasi ya mdomo uliopinda, inakula vizuri, maranda yanaruka, halafu ghafla unasikia mlio mwembamba unaokwaruza masikio. Harufu ya kuungua inapanda puani, na kipande kilichokuwa kinazunguka kimetulia tuli huku mota ikiendelea kuvuma. Ukikitoa mashineni, kichwani pana duara jeusi mahali ambapo meno yalipaswa kuuma.

Kazi yangu ninaifanyia Mafinga, ambako ukitoka nyumbani lazima upishane na lori la magogo. Paini ya shamba la miti la Sao Hill ndiyo tunayoanza nayo asubuhi, milingoti inafuata, miwati ya Njombe huja kwa ajili ya mipini, na mara chache mteja mwenye nafasi huleta mninga wa miguu ya kitanda. Kila mti una tabia yake mbele ya senta. Lakini vijana wanaonijia wakisema mashine ni mbovu, karibu wote wamefanya jambo lilelile kabla ya kuja: wamekaza usukani wa nyuma, ule unaobana mbao. Imeteleza, wamekaza. Imeteleza tena, wamekaza kwa spana. Mwishowe beringi zinalia, mbao imepasuka, na bado inateleza.

Ninachowaambia ndicho ninachokiandika hapa: usikaze kitu chochote mpaka ujue panapoteleza ni wapi.

Majina kwanza, tusije tukapotezana. Senta ya meno ni kile chuma kinachokaa upande wa mota, chenye ncha katikati na meno pembeni. Ndicho kinachoshika mbao na kuizungusha. Mkia wake, unaozama ndani ya shafti na kuchongoka pole pole, tunauita tepa. Upande wa pili, kwenye kichwa cha nyuma, ipo senta ya nyuma inayoisukuma mbao ili meno yaendelee kuuma. Wengi huziita zote "senta" tu, na hapo ndipo mtu anapopiga simu kuomba msaada tukajikuta kila mmoja anazungumzia chuma tofauti.

Mstari mmoja wa chaki

Nguvu inatoka kwenye mota, inapita kwenye belti, inaingia kwenye shafti, kutoka shafti inakwenda kwenye tepa ya senta, na kutoka kwenye senta inapita kwenye meno hadi kwenye mbao. Panapoweza kuteleza ni sehemu tatu: belti juu ya puli, tepa ndani ya shafti, na meno ndani ya mbao. Kwa mtu aliyesimama mbele ya kiegemeo cha patasi, zote tatu zinafanana, maana anachokiona yeye ni mbao iliyosimama.

Zima mashine, chomoa plagi. Chukua chaki, uchore mstari mmoja ulionyooka unaoanzia kwenye shafti, unapita juu ya senta na kuishia kwenye mbao, ubavuni karibu na kichwa. Rudisha umeme, chonga taratibu mpaka tatizo litokee tena, zima, kisha utazame mstari wako.

Kama mbao imehama lakini senta na shafti bado zimeonana, meno ndiyo yanayoteleza. Kama senta imehama kutoka kwenye shafti, tatizo liko kwenye tepa, na hata ukinoa meno yakawa kama wembe hutaambulia kitu. Kama mstari wote umenyooka na bado kila kitu kilisimama, senta yako haina kosa. Rudi kwenye belti.

Belti nitaimaliza hapahapa. Ikiwa imelegea au imeng'aa upande wa ndani kama kiatu kilichopigwa rangi, itateleza kila unapochonga kwa nguvu. Sogeza mota uikaze, au uibadilishe. Angalia pia umeme wenyewe. Kwenye laini inayolisha mashine za kusaga, jioni umeme hupungua nguvu, mota inakosa msuli, na mtu anadhani senta imeharibika. Ukiona tatizo linakuja jioni tu na asubuhi halipo, iache senta ya watu.

Meno yanateleza kwenye mbao

Hili ndilo linalotusumbua zaidi, na lina sababu nyingi. Usikimbilie tupa. Toa kipande, kigeuze, ukikague kichwa chake kwenye mwanga. Alama iliyoachwa pale itakueleza mengi kuliko mtu yeyote wa kukushauri.

Senta ya meno manne iliyouma sawasawa inaacha msalaba: mifereji minne iliyokatika safi, kila mmoja na kina chake, na tundu dogo katikati. Ukiona mifereji miwili tu, au mitatu, maana yake kichwa cha mbao hakikukatwa mraba. Meno mawili au matatu yanafanya kazi ya manne. Kata upya kichwa kwa msumeno uliopimwa kwa skwea kabla ya kitu kingine chochote. Kama kipande ni gogo lisilokatika mraba, achana na senta ya meno manne, tumia ya meno mawili. Yenye mawili hata juu ya uso uliopinda hupata pa kushika kote kuwili, na ndiyo sababu wanaokereza bakuli kutoka kwenye gogo bichi huipenda.

Ukiona tundu refu katikati lakini meno yamegusa juu juu tu, ncha ni ndefu kupita kiasi. Inafika kwanza, inabeba msukumo wote wa nyuma, na meno hayapati nafasi ya kuzama. Ncha inatakiwa itangulie meno kwa milimita 2 au 3, basi. Senta nyingine zina ncha inayotoka, iliyobanwa kwa skrubu ndogo ubavuni. Ilegeze kwa spana ya L, irudishe ndani, ukaze. Isiyotoka, ipunguze kwa tupa polepole, ukihakikisha inabaki katikati kabisa. Kinyume chake kipo pia. Ncha iliyoliwa ikawa fupi kuliko meno haitaiongoza mbao, na kipande kitakaa popote kinapopenda.

Ukiona duara jeusi lililosagwa, laini, halina mifereji tena, meno yameteleza kwa muda mrefu. Hapa sababu ya kwanza ni meno butu. Yapime kwa kidole: jino zuri lina ukingo kama wa patasi, jino bovu lina mviringo. Noa kwa tupa laini upande ulioinamishwa tu, usiguse ule upande ulionyooka unaoisukuma mbao. Piga tupa idadi ileile ya mikwaruzo kwenye kila jino, kwa sababu yakipishana urefu umerudi kwenye msalaba wa miguu miwili. Kujua kama yamelingana, igandamize senta kwa mkono juu ya kipande cha paini kilichopigwa randa kikawa laini, uhesabu alama. Zikitokea nne zenye uzito mmoja, umemaliza.

Sababu ya pili ni paini yenyewe. Paini yetu nyingi ya Mufindi ni ile ya jamii ya patula, imekua haraka na pete zake ni pana. Tazama kichwa cha ubao wake kwa karibu: kuna ukanda mweupe mpana ulio laini, halafu mstari mwembamba wa kahawia ulio mgumu. Jino likiangukia kwenye ukanda mweupe linazama kama kwenye ndizi, na ukichonga kwa nguvu linageuka kuwa kijiko, linachimba badala ya kushika. Kwa paini nzito, ya nguzo ya ngazi kwa mfano, senta ya milimita 25 ninaiona ndogo. Ninatumia yenye kipenyo cha milimita 32 au zaidi, kwa sababu kadiri meno yanavyokaa mbali na katikati ndivyo yanavyoshinda nguvu ya patasi bila kuhangaika.

Sababu ya tatu ni unyevu. Mbao mbichi inakubali meno kwa urahisi, halafu baada ya dakika chache inalegea, maana nyuzi zimeminywa na meno yamezama zaidi. Hapa ndipo kukaza kuna haki yake: washa, izungushe dakika mbili au tatu, zima, kaza robo mzunguko, endelea. Ukiona maji yanatoka kwenye mifereji ya meno, utarudia zoezi hilo mara kadhaa, na hilo si kosa la senta.

Ya nne ni mkono wako. Kipande cha mraba chenye pembe nne, kikizungushwa kasi na patasi butu ikanyooshewa kwa pupa, kitashinda senta yoyote. Wakerezaji wengi duniani hutumia hesabu hii: zidisha kipenyo cha mbao kwa inchi na mizunguko kwa dakika, jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Mguu wa inchi 3 uliokwisha kuwa duara unaruhusu mizunguko 2,000 hadi 3,000. Lakini ukiwa bado ni mraba mimi siendi zaidi ya 900, na sianzi bila kuuzungusha kwanza kwa mkono kuona kama unagonga kiegemeo. Ukiwasha, simama pembeni, usikae kwenye njia ambayo kipande kingerukia. Kinga ya uso ivae kabla, wala siyo baada ya kuona umuhimu wake. Kitenge au mtandio unaoning'inia usiingie karakana hata kwa kupita tu.

Tepa inazunguka ndani ya shafti

Ukishaona kwa mstari wa chaki kwamba senta ndiyo iliyohama, toa senta kwa kuisukuma kutoka nyuma, kwa fimbo ya chuma inayopita ndani ya shafti. Usiichokonoe kwa bisibisi kutoka mbele. Itazame tepa. Utaona michirizi inayong'aa ikizunguka kama pete, na mara nyingi utaona mafuta.

Tepa hushika kwa msuguano peke yake. Haina skrubu, haina ufunguo. Tunaziita tepa za Morse kwa jina la Stephen Morse, Mmarekani aliyepata hataza ya keekee ya kusokota mwaka 1863. Zinapungua kipenyo kwa takriban milimita 1 katika kila milimita 20 za urefu, na mteremko huo mdogo ndio unaozifanya zikisukumwa zigande. Kidogo cha mafuta, kipande kimoja cha maranda, vumbi la msasa, na msuguano umeondoka. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kitambaa kikavu: futa tepa, kisha funga kitambaa kwenye kijiti na ufute ndani ya shafti mpaka kitoke safi. Kamwe usiingize kidole mashine ikiwa inazunguka. Grisi ina mahali pake, lakini pale haina kazi.

Ukifuta na bado inazunguka, chukua penseli laini, chora mistari mitatu kwa urefu wa tepa, iingize, izungushe nusu kwa mkono, itoe. Mistari ikifutika yote kuanzia juu hadi chini, tepa imekaa vizuri. Ikifutika sehemu moja tu, kuna kinundu, au tepa siyo ya mashine hiyo. Kinundu hutokana na senta kuangushwa sakafuni au kupigwa nyundo ya chuma mgongoni. Kitafute kwa ukucha, ukisawazishe kwa tupa laini pale kilipo tu. Usipige msasa tepa nzima, maana utaipunguza na haitagusa tena popote.

Mashine ndogo nyingi hutumia tepa namba 1, za kati hutumia namba 2. Upande mnene namba 1 ina milimita 12 na pointi kidogo, namba 2 ina karibu milimita 17.8. Nimeona mtu amezungushia tepa namba 1 karatasi ya bati ili ikae kwenye shafti ya namba 2. Inashika kwa dakika kumi, halafu inakula shafti kwa ndani, na shafti iliyoliwa ni gharama nyingine kabisa. Kuna vishati vya chuma, yaani mirija mifupi inayovalishwa juu ya tepa, vilivyotengenezwa kwa ajili ya kuvusha namba moja kwenda nyingine. Tafuta hivyo.

Mbao inapasuka inapopigiliwa

Kazi yangu ya kwanza ya malipo, nikiwa bado kwa fundi aliyenifundisha, ilikuwa miguu minne ya kitanda ya mlingoti. Mlingoti ule ulikuwa umekaa juani tangu Juni hadi Septemba, mkavu unaolia ukiugonga. Nikaweka senta ya meno manne katikati, nikaipiga nyundo. Mguu wa kwanza ulikubali. Wa pili ulitoa sauti kama kibiriti kinapovunjika, na ufa mwembamba kama unywele ukaanzia kwenye ncha ukateremka kiasi cha shubiri moja. Nikasema moyoni ufa huo utaondoka na maranda, nikaendelea kukereza. Ufa ulifunguka mashine ikiwa kwenye kasi, nusu ya mguu ikagonga ukuta wa mabati nyuma yangu.

Mzee aliuokota, akauweka mezani, akanionyesha alama ya meno kwa kidole. "Mwanangu, hapa palikuwa na ufa kabla hujapiga. Wewe umeweka jino juu yake. Jino ni kabari."

Alikuwa sahihi. Kwenye kichwa cha mbao kavu kuna nyufa ndogo zinazotoka kwenye kiini kuelekea pembeni kama spoku za baiskeli. Zilambishe kwa kidole chenye maji na zitaonekana zikiwa nyeusi. Jino lolote lisikae juu ya ufa, wala meno mawili yasilale kwenye mstari wake. Geuza senta nyuzi 30 au 40 kabla ya kupiga. Ukiona ufa umekwisha kuingia ndani, kata kichwa hicho sentimita kadhaa, na kama bado unaendelea, mbao hiyo siyo ya mashine.

Kwa miti migumu, yaani mlingoti mkavu, mwati, mninga, mkongo, mimi sipigi tena senta moja kwa moja. Natoboa tundu la keekee ya milimita 3 kwa ajili ya ncha, kisha napitisha msumeno wa meno madogo kutoka pembe hadi pembe, mikato miwili inayokutana katikati, kina cha milimita 2 hadi 3. Meno yanalala ndani ya mikato hiyo bila kupanua kitu. Inachukua dakika mbili kwa kila mguu.

Kwa kazi nyembamba, kama vijiti vya kiti au mti wa kusukumia chapati, kosa huwa ni ukubwa. Senta ya milimita 25 kwenye kijiti cha milimita 30 inaacha ukuta wa milimita mbili na nusu tu pembeni, na ukuta huo hauwezi kustahimili. Tafuta senta ndogo ya milimita 13 au hapo karibu.

Ukiweka ubao wa bakuli, ambao senta inauma ubavuni na siyo kichwani, ukitumia meno mawili yalaze yakikatiza nyuzi. Ukiyalaza sambamba na nyuzi umezichomeka kabari mbili.

Na nyundo. Mbao ikiwa imeshakaa mashineni usiipige ili meno yaingie. Pigo lote linafikia beringi za shafti, na beringi hazisemi siku hiyohiyo, zinakuja kulalamika baadaye. Toa senta, iweke juu ya mbao mezani, ipige kwa nyundo ya mti. Nyundo ya chuma inautanua mgongo wa tepa, na umeshasoma juu kinachofuata.

Mashine ambayo senta imechomelewa

Karakana nyingi za huku hazina mashine ya dukani. Kuna mota, belti, shafti iliyotolewa kwenye gari au pampu, na mbele ya shafti fundi wa kuchomelea amebandika kipande cha chuma chenye meno. Nimeziona Makambako, Tukuyu, na hapa kwetu ziko kila mtaa. Zinafanya kazi nzuri, msimdharau mwenye nayo. Lakini senta haitoki, kwa hiyo ushauri wote wa kupiga mezani hauwezekani, na mwenye mashine hujikuta akigonga mbao kwa nyundo kuelekea kwenye beringi zake kila siku.

Suluhisho nililoliona likidumu ni muhuri. Mwambie fundi vyuma, wa Mwanjelwa kule Mbeya au yeyote aliye karibu, atengeneze kipande cha pili chenye ncha na meno yaliyopangwa sawasawa na yale ya shafti, akikichomelee mpini mfupi wa nondo. Muhuri huo ndio unaoupiga nyundo mezani. Unaacha alama, unapeleka mbao mashineni, meno ya shafti yanaingia kwenye alama zile, unakaza nyuma, kazi inaanza. Muhuri ukichoka unautupa, na shafti haijui kitu.

Kama meno yaliyochomelewa yamekaa upande, yaani ncha haiko katikati ya shafti, kila kipande kitakuwa kizuri maadamu hujakitoa. Ukikitoa na kukirudisha kitatetemeka. Kujua, shika kalamu juu ya kiegemeo karibu kabisa na ncha, zungusha shafti kwa mkono. Nafasi kati ya kalamu na ncha ikipanuka na kupungua, ncha imekaa kombo. Isawazishe kwa kuizungusha shafti taratibu na kugusisha tupa iliyoegemezwa imara, mpaka nafasi ibaki moja. Ukiwa na vazi la mikono mirefu, likunje kwanza.

Inatetemeka baada ya kuirudisha

Umekereza mguu, ukautoa ili kupima na mwenzake, ukaurudisha, na sasa unacheza. Senta ya meno manne inaweza kuingia kwenye alama zake kwa njia nne, na ni njia moja tu iliyo sahihi kabisa. Weka alama: kwaruza jino moja kwa tupa ubavuni, na kila unapoweka mbao mpya chora nukta ya penseli kwenye mbao mkabala na jino hilo. Ndiyo dawa yote.

Kama mtetemo uko katikati ya kijiti chembamba na vichwa vimetulia, umekaza nyuma kupita kiasi na kijiti kimepinda kama upinde. Legeza kidogo kidogo mpaka mlio utulie. Kijiti kikiwa kirefu sana kinahitaji kushikiliwa katikati, na senta haina msaada hapo.

Moshi upande wa nyuma

Hapa senta ya meno inasingiziwa. Senta ya nyuma isiyozunguka, ile ya chuma kimoja, inasuguana na mbao muda wote. Ikikauka inaungua, inachimba tundu, msukumo unapotea, na meno ya mbele yanaanza kuteleza. Paka nta ya mshumaa kwenye tundu kabla ya kuanza. Ukiweza, nunua senta ya beringi, inayozunguka pamoja na mbao. Kama hela inatosha kitu kimoja tu, mimi ningenunua hiyo kabla ya senta ya pili ya meno.

Ukienda kununua

Utakutana na aina nyingine ya senta ya meno ambayo sijaitaja: duara la meno madogo mengi kama taji, lenye ncha ya springi katikati. Haihitaji kupigiliwa, inashika kwa msukumo wa nyuma tu. Patasi ikinasa, mbao inasimama badala ya kuruka au kuvunjika, na kwa sababu hiyo ndiyo ninayompa kijana anayeanza. Mbao ngumu iliyokatwa mraba inaishika vizuri mno. Kwa paini nene ambayo bado ni mraba siiamini, maana inasaga mfereji wa duara na kubaki inazunguka ndani yake. Pale narudi kwenye meno manne makubwa.

Usiende dukani na namba kichwani. Nenda na senta yako ya zamani, hata kama imekwisha, umeifunga kwenye gazeti. Linganisha tepa na tepa upande mnene na upande mwembamba. Shika ile mpya juu ya mwanga utazame meno yote kwa usawa wa jicho, kama yamefika kimo kimoja na ncha imeyatangulia kidogo. Pitisha ukucha kwenye tepa kuanzia juu hadi chini. Ukikwama mahali, rudisha, omba nyingine. Na ukifika karakana, kabla ya kuiwekea mbao ya mteja, futa mafuta ya kiwandani yaliyopakwa kuzuia kutu. Senta mpya inayoteleza siku ya kwanza, mara nyingi ni hayo mafuta.